Vyombo vya Kunyonya Maji ya Kidonda

Tangu zamani watu wa pwani na wa bara wamejua kupiga chuku. Mtu aliyeumwa na kichwa au mgongo alikwenda kwa mwumishi, naye akamchanja chale ndogo, akaweka pembe juu ya chale zile, akanyonya hewa kwa kinywa katika tundu la ncha ya pembe, kisha akaliziba tundu kwa nta. Pembe ilishika juu ya ngozi isianguke, na damu ikatoka polepole ikaingia ndani yake. Mwumishi hakuivuta damu kwa kamba wala kwa mkono. Aliondoa hewa tu, na kazi iliyobaki ikafanyika yenyewe.

Katika hospitali za siku hizi kuna vyombo vifanyavyo kazi kwa kanuni ile ile, ijapokuwa kusudi lake ni jingine kabisa. Chuku ilitoa damu iliyokuwa ikikaa mahali pake; vyombo hivi huondoa damu na maji yaliyokwisha kutoka mahali pake, yasiyo na faida tena mwilini. Lakini katika habari ya chuku limo pia jambo la kuogofya. Pembe moja ilitumika kwa watu wengi, na damu ya mmoja iliweza kumfikia mwingine. Basi watengenezao vyombo vya hospitali hawana budi kujibu swali moja kubwa: Ni sehemu ipi ya chombo iwezayo kuwatumikia wagonjwa wengi, na ni sehemu ipi ipasayo kumtumikia mmoja tu na kutupwa?

1. Maji ya kidonda hutoka wapi?

Daktari ampasuapo mgonjwa, hukata ngozi na nyama iliyo chini yake. Akimaliza kazi yake hushona ngozi kwa uzi, na kwa nje jeraha huonekana limefungwa vema. Walakini ndani chini ya ngozi huenda pamebaki nafasi, kama mfuko mtupu, hasa ikiwa sehemu kubwa ya nyama imeondolewa. Mishipa midogo iliyokatwa hutoa damu kidogo kidogo, na nyama iliyoumia hutoa maji ya rangi ya manjano. Maji hayo hukusanyika katika nafasi ile.

Maji yakikaa huleta hasara tatu. Kwanza, hutenga ngozi na nyama, navyo vitu viwili vilivyotengana haviwezi kuungana. Pili, husukuma nyuzi za mshono, na mgonjwa husikia maumivu. Tatu, nayo ndiyo hasara kubwa, maji hayo yana joto na chakula kingi kwa vijidudu vya maradhi. Vijidudu vichache vikiingia humo huzaana upesi, na maji hugeuka kuwa usaha. Mgonjwa aliyetazamiwa kurudi kwao baada ya siku chache hushikwa na homa, na pengine hufa.

2. Mrija wa kwanza

Waganga wa kale walilijua jambo hilo. Vitabu vya waganga wa Uyunani, vilivyoandikwa kabla ya kuzaliwa Kristo, vyataja mirija iliyotiwa kifuani ili usaha upate njia ya kutoka. Lakini mirija ya madini ni migumu, nayo huumiza nyama. Ilipopatikana mirija ya mpira kazi ikawa rahisi zaidi. Mwaka 1859 daktari mmoja wa Ufaransa, Chassaignac, alitoa kitabu kikubwa cha kueleza jinsi ya kutumia mirija ya mpira katika vidonda.

Mwaka 1871 Malkia Victoria wa Uingereza alipatwa na jipu kwapani alipokuwa katika nyumba yake ya Balmoral, huko Scotland. Aliitwa Joseph Lister, daktari aliyesifika kwa kuua vijidudu vya vidonda kwa dawa iitwayo asidi ya kaboliki. Lister alilipasua jipu, akatia kitambaa ndani ili kuongoza usaha. Kesho yake akaona kwamba usaha hautoki sawasawa. Basi alikata kipande cha mpira kutoka katika chombo chake cha kunyunyizia dawa, akakitoboa matundu, akakilowesha katika asidi ya kaboliki usiku kucha, na asubuhi akakitia katika jipu. Usaha ukatoka, na Malkia akapona.

Lister alichukua kitu kilichokuwa na kazi nyingine akakitumia katika mwili wa mtu. Lakini hakukitumia vivi hivi. Alingoja usiku kucha ili dawa ifanye kazi yake kwanza. Kutumia kitu mara ya pili si kosa; kosa ni kukitumia kabla ya kuua vijidudu vilivyomo.

3. Hewa ndiyo isukumayo

Mtoto anywapo maji ya dafu kwa mrija hudhani kwamba anayavuta maji. Sivyo. Hewa iliyo juu ya nchi ina uzito, nao ni mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mahali palipo usawa wa bahari, kila sentimeta mraba moja husukumwa na hewa kwa uzito wa kilo moja na kidogo zaidi. Mtoto akiondoa hewa katika mrija kwa kinywa chake, hewa ya nje huyasukuma maji ya dafu, nayo hupanda mahali pasipo na kizuizi.

Mwaka 1643 mtaalamu wa Italia, Torricelli, alionyesha njia ya kupima nguvu hiyo. Alijaza zebaki katika mrija mrefu wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo tu ikasimama, maana hewa iliyo juu ya bakuli iliizuia isishuke zaidi. Usawa wa bahari zebaki husimama kwa urefu wa milimeta 760 hivi. Kwa sababu hiyo hata leo waganga hupima nguvu za kunyonya kwa milimeta za zebaki.

Ikiwa chombo kinanyonya kwa milimeta 125, maana yake ni kwamba hewa iliyo ndani yake imepunguzwa kutoka milimeta 760 hata 635. Tofauti hiyo ni sawa na uzito wa gramu 170 hivi kwa kila sentimeta mraba. Nguvu ikiwa ndogo mno maji hayatoki. Ikiwa kubwa mno huvuta nyama laini katika matundu ya mrija, ikaiumiza.

4. Chupa na tufe

Mrija uliowekwa wazi, bila kunyonywa, una hatari yake. Maji hutoka kwa kutelemka tu, na njia ile ile yatokayo maji ndiyo iingiayo vijidudu. Mwaka 1954 Mfaransa Henri Redon na wenzake walieleza njia iliyo bora. Mrija mwembamba wenye matundu hulazwa ndani ya jeraha, ngozi hushonwa kabisa, na ncha ya mrija iliyo nje hufungwa katika chupa iliyoondolewa hewa. Chupa hunyonya maji, na hewa ya nje haipati njia ya kuingia. Tena ngozi huvutwa ishikamane na nyama, hata ile nafasi tupu hutoweka. Chupa za kwanza zilikuwa za kioo. Kioo huvumilia moto, kwa hiyo chupa iliweza kuoshwa, kuchemshwa kwa mvuke, kuondolewa hewa tena, na kutumika kwa mgonjwa mwingine.

Baadaye likatengenezwa tufe dogo la silikoni, ambayo ni namna ya mpira laini. Mwuguzi hufungua kizibo, hulikamua tufe mpaka hewa itoke, kisha hukifunga kizibo likingali limebonyea. Tufe hutaka kurudia umbo lake la kwanza, na katika kurudi huko hunyonya. Ndani ya mlango wake kuna ulimi mdogo ufunguao upande mmoja tu, ili maji yaliyotoka yasirudi jerahani mgonjwa akililalia tufe kwa bahati mbaya.

Tufe lina udhaifu mmoja. Mwanzoni, likiwa limebonyea kabisa, hunyonya kwa nguvu. Kadiri lijaavyo, nguvu hupungua. Kwa hiyo mwuguzi hana budi kulitazama mara kwa mara, kulimwaga, kuandika kipimo cha maji, na kulikamua upya. Katika hospitali nyingi mrija hutolewa maji yapunguapo kufika mililita 30 hivi kwa siku, kwa maana hapo ndani pamekwisha kushikamana.

Kuna na njia ya vidonda vikubwa visivyoweza kushonwa. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa jimbo la North Carolina katika Marekani, Argenta na Morykwas, walitangaza habari zake. Sifongo hukatwa kwa kipimo cha kidonda na kuwekwa juu yake, hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki yenye gundi, na mrija huingizwa kunyonya. Walipojaribu kwa nguruwe waliona kwamba kwa milimeta 125 damu ilipita kwa wingi zaidi katika nyama ya kidonda, na nyama mpya ikaota upesi. Lakini mashine zao zilikuwa za umeme, tena za bei kubwa.

5. Mvukuto wa Haiti

Tarehe 12 Januari 2010 nchi ya Haiti ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Nyumba nyingi zilianguka katika mji wa Port-au-Prince na vijiji vya karibu. Watu wengi sana walikufa, na wengine wengi walitolewa katika vifusi na vidonda vikubwa. Madaktari waliokuja kusaidia walikuta hospitali zimebomoka na umeme hakuna. Mashine ya umeme ilikuwa haina faida hapo.

Katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, huko Marekani, alikuwako mwanafunzi wa uhandisi aliyeitwa Danielle Zurovcik. Yeye alikuwa amekwisha kutengeneza bomba lisilohitaji umeme. Lilikuwa la plastiki, lenye mikunjo kama mvukuto, na gharama ya kulifanyiza ilikuwa dola 3 hivi. Mhunzi hubana mvukuto ili kupuliza moto. Huyu aliubana ili kutoa hewa, kisha mvukuto ulipotaka kunyoka ulinyonya kidonda kwa njia ya mrija. Alisafiri mpaka Haiti, na chombo chake kikatumika kwa wagonjwa huko.

Ugumu wake mkubwa haukuwa katika bomba. Ulikuwa katika kifuniko cha kidonda. Ngozi ya mtu ina mikunjo, jasho na nywele, na kila mahali ambapo plastiki haikushika sawasawa hewa hupenya. Mashine ya umeme haijali sana jambo hilo, maana huendelea kunyonya mchana na usiku, kama mtu achotaye maji kwa ndoo inayovuja lakini achotaye bila kupumzika. Mvukuto wa mkono hauwezi hivyo. Basi badala ya kutafuta bomba lenye nguvu zaidi, Zurovcik alichunguza hewa ilipoingia na jinsi ya kuiziba. Tundu likizibwa, nguvu ndogo yatosha kwa muda mrefu.

6. Sehemu ipi itunzwe, sehemu ipi itupwe?

Vyombo vingi vya namna hii hutengenezwa vitumike mara moja, kisha vitupwe vyote. Juu ya karatasi yake huchorwa tarakimu 2 ndani ya duara, imekatwa kwa mstari. Maana yake, usitumie mara ya pili. Hiyo ni njia salama, lakini ina gharama mbili. Hospitali isiyo na fedha hukosa chombo kabisa, na takataka huwa nyingi. Pengine watu hushikwa na haja wakakiosha kile kilichokatazwa kuoshwa, na hapo hatari huwa kubwa kuliko zote, kwa maana chombo hakikutengenezwa kwa kuoshwa. Ndiyo sababu mafundi wamefikiri njia ya katikati: chombo ambacho nusu yake hutunzwa na nusu yake hutupwa.

Fundi huanza kwa kukigawanya chombo katika sehemu zake, na kila sehemu huiuliza maswali matatu. Je, yaingia mwilini? Je, yagusa maji ya kidonda? Je, yaweza kuoshwa mpaka ndani na kuvumilia joto?

Mrija ulio jerahani waingia mwilini. Tena ni mwembamba na mrefu, una matundu mengi, na hakuna brashi iwezayo kufika kila pembe yake. Damu hukauka ndani yake kama ukoko chunguni, na chini ya ukoko vijidudu hujificha, joto lisivifikie vema. Sifongo ni vivyo hivyo. Basi hivi havina shauri: hutupwa.

Chombo cha kupokea maji hakiingii mwilini, lakini chajaa maji machafu. Hapa fundi ana njia mbili. Aweza kutumia chupa yenye mdomo mpana, ya kioo au ya plastiki ivumiliayo joto, isiyo na pembe kali ndani wala mahali pa kuficha uchafu. Au aweza kutia mfuko mwembamba wa plastiki ndani ya kopo gumu. Kopo hutunzwa na mfuko hutupwa pamoja na maji yaliyomo. Hospitali nyingi hutumia njia hii ya mfuko.

Bomba lenyewe, ambalo aghalabu ndilo la bei kubwa, halipaswi kuguswa na maji hata kidogo. Basi fundi huweka walinzi wawili njiani. Wa kwanza ni boya dogo ndani ya kopo: maji yakipanda mpaka juu, boya huelea likaziba tundu liendalo kwenye bomba. Wa pili ni chujio lipitishalo hewa na kuzuia matone. Chujio hutupwa baada ya mgonjwa mmoja; bomba hupanguswa kwa dawa na kutumika tena. Lakini walinzi wakishindwa, na maji yakaingia bombani, bomba hilo lisitumike mpaka limefunguliwa na kusafishwa lote. Bomba lisilofunguka lisafishwe vipi? Litupwe.

7. Joto, na kipimo cha uchovu

Kuchemsha maji katika sufuria hakutoshi. Maji huchemka kwa digrii 100 za Selsiasi mahali palipo usawa wa bahari, na mlimani huchemka kabla ya hapo. Vijidudu vingi hufa, lakini vingine vina mbegu ngumu, kama vile vya pepopunda, navyo huweza kuvumilia. Kwa hiyo hospitali hutumia otoklevu, ambayo ni chungu cha chuma kilichofungwa imara ili mvuke usitoke. Mvuke uliobanwa hupata joto la digrii 121, na vyombo hukaa humo dakika 15 au zaidi. Kabla ya hapo hapana budi vioshwe kwanza kwa maji na sabuni mpaka vitakate, kwa maana uchafu huwa ngao ya vijidudu.

Joto hilo huua vijidudu, lakini pia huchosha vitu. Mpira hupasuka, ulimi wa mlango hulegea, mvukuto hupoteza nguvu. Basi fundi hukitia chombo katika otoklevu tena na tena kabla ya kukiuza, ili ajue kitavumilia mara ngapi, na idadi hiyo huandikwa. Mwuguzi naye hukijaribu kila mara: hukibana, hukifunga bila mrija wowote, na kukiacha kwa muda. Kikikutwa kimevimba, kinavuja.

8. Hesabu ya fedha

Tuseme chombo cha kutupwa chote kina bei ya shilingi 10. Tuseme bomba la kutunzwa, kwa kuwa ni imara zaidi, lina bei ya shilingi 25. Mrija, mfuko na chujio shilingi 3 kwa kila mgonjwa. Na kazi ya kusafisha shilingi 1. Kwa wagonjwa 4 chombo cha kutupwa kitagharimu shilingi 40, na kile kingine 41. Hapo hakuna faida. Kwa wagonjwa 5 itakuwa 50 na 45. Kwa wagonjwa 20 itakuwa 200 na 105. Basi faida haiji upesi. Huja kwa kutunza. Bomba likivunjika kwa mgonjwa wa tatu, hasara imekwisha kuingia.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Mgonjwa mmoja akiambukizwa kwa sababu ya kusafisha kwa haraka, dawa zake na siku zake kitandani zitakula akiba ya wagonjwa wengi, na uhai wake ukipotea hauna bei. Kwa hiyo chombo cha namna hii hakifai mahali pasipo na maji safi, wala otoklevu, wala mtu mwenye kufuata taratibu kila siku. Mahali hapo afadhali kitupwacho.

Fundi mwema huikumbuka saa nane ya usiku, mwuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi na taa hafifu. Hutengeneza sehemu za kutupwa kwa rangi moja na za kutunzwa kwa rangi nyingine. Hufanya mrija uliokwisha kutumika usiweze kuunganishwa mara ya pili. Huandika vipimo kwa tarakimu kubwa juu ya kopo jeupe lipenyalo nuru. Hivyo mtu aliyechoka hukuta njia iliyo salama ndiyo iliyo rahisi kuliko nyingine zote.

Maswali

1. Eleza kwa nini pembe ya chuku hushika juu ya ngozi.
2. Maji yakikaa chini ya mshono huleta hasara zipi tatu?
3. Kwa nini mvukuto wa mkono hutaka kifuniko kilichozibwa vema kuliko mashine ya umeme?
4. Taja sehemu mbili za kutupwa na mbili za kutunzwa, na sababu ya kila moja.
5. Kwa bei zilizotajwa, hospitali yenye wagonjwa 12 itaokoa shilingi ngapi ikitumia bomba la kutunzwa?